Nchi Iliyopumzishwa: Habari za Ngitili za Usukuma

Katika kitabu hiki cha Jubilei wenzangu wameandika habari za mapadre wa kwanza, za makanisa yaliyojengwa, na za shule ambamo wengi wetu tulifundishwa kusoma. Mimi naandika habari za udongo, nyasi na miti. Msomaji asistaajabu, wala asidhani kwamba habari hizi hazina mahali pake katika kitabu cha kanisa. Neno lenyewe jubilei asili yake ni lugha ya Waebrania, nalo latokana na pembe ya kondoo dume iliyopigwa ili kutangaza mwaka wa hamsini. Tena tukiifungua sura ya 25 ya kitabu cha Walawi, twaona ya kuwa amri inayotangulia ni amri ya ardhi. Kila mwaka wa saba ardhi ipewe sabato yake, isilimwe wala isipandwe. Na baada ya miaka saba mara saba pembe ipigwe, kila mtu arudi katika urithi wake na kwa jamaa zake.

Basi watu wa Shinyanga wanayo habari ya kusimulia katika jambo hilo. Nchi yao ilichoka hata ikawa karibu kufa, kisha ikapumzishwa, ikawa hai tena. Jinsi ilivyochoka, jinsi ilivyopona, na deni lililobaki, ndiyo maneno yangu.

Desturi ya wazee

Usukuma ni nchi ya mbuga na vilima vya mawe, kusini ya ziwa Victoria. Wenyeji wake ni wakulima na wafugaji pamoja. Mtama na mahindi huwalisha, pamba huwapatia fedha, na ng'ombe ndio akiba yao na mahari ya vijana wao. Mvua yake si nyingi. Mwezi wa Mei hukoma, na mara nyingi hairudi hata Oktoba au Novemba. Katika miezi hiyo nyasi hukauka, visima hupungukiwa maji, na makundi ya ng'ombe hupelekwa mbali kutafuta malisho. Lakini si kila mnyama awezaye kwenda mbali. Ndama hawawezi, wala ng'ombe wazee, wala maksai ambao mvua za kwanza zikinyesha watatakiwa kuvuta jembe shambani.

Kwa sababu hiyo wazee waliweka desturi ya ngitili. Mvua zilipoanza, mwenye mji alitenga sehemu ya ardhi yake, au watu wa mahali kwa shauri moja walitenga sehemu ya ardhi ya wote, nayo ikafungwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuchunga humo wakati wa mvua. Nyasi zilikua mpaka zikakomaa na kudondosha mbegu zao, na miti ikachipua kutoka katika visiki na mizizi ya zamani. Hata kiangazi kilipokuwa kikali, na malisho mengine yote yamekwisha, ndipo ngitili ilipofunguliwa, tena kwa kiasi, sehemu baada ya sehemu. Mara nyingi haikuwa na ua wala alama, walakini kila mtu aliijua mipaka yake na kuiheshimu.

Tazameni hekima iliyomo. Ardhi ilipewa pumziko lake wakati ule ule ilipokuwa na nguvu ya kuzaa, yaani wakati wa mvua, ambapo mtu mwenye pupa angeona hakuna haja ya kujizuia. Aliyejizuia wakati wa wingi alikula wakati wa uhaba.

Jinsi nchi ilivyochoka

Nchi haikuchoka kwa siku moja, wala kwa kosa la mtu mmoja. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliwaua ng'ombe wa Afrika ya Mashariki kwa wingi mno. Mahali ng'ombe walipokwisha na watu walipohama, pori lilirudi, na pamoja na pori wakaja mbung'o, ambao huwaletea wanyama nagana na watu malale. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Serikali ya Waingereza ilimweka Charles Swynnerton kupambana na mbung'o, na Shinyanga ikawa makao ya uchunguzi huo. Tangu miaka ya 1920 watu kwa maelfu waliitwa pamoja na watemi wao kwenda kukata pori. Swynnerton mwenyewe alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, lakini kazi ya kukata pori iliendelea baada yake.

Hatuna sababu ya kuwalaumu watu wale. Walikuwa wakiwaokoa ng'ombe wao na watoto wao, na nchi iliyokuwa ya mbung'o ikakaliwa tena na watu. Walakini mti uliokatwa kwa sababu njema huacha pengo lile lile liachwalo na mti uliokatwa kwa sababu mbaya.

Baadaye kilimo cha pamba kilienea, mashamba mapya yakafunguliwa, na watu na ng'ombe wakaongezeka. Kuni zilitakiwa, na nguzo za nyumba, na mkaa wa mijini. Serikali iliiona hatari, na mwaka 1947 ikaanzisha mpango mkubwa wa kuiendeleza Usukuma, na pamoja nao amri nyingi za kulima kwa matuta, kutunza udongo na kupunguza ng'ombe. Baadhi ya amri hizo zilikuwa na maana njema. Lakini zilikuja na faini na vitisho, wala wenye ardhi hawakushirikishwa vya kutosha katika shauri. Kwa hiyo watu walizichukia, na katika miaka ya 1950 wakazipinga waziwazi, hata mpango ule ukaachwa. Hivyo watu wakajifunza kuichukulia hifadhi ya ardhi kuwa jina jingine la adhabu, na mafunzo ya namna hiyo hayasahauliki upesi.

Kisha ukaja wakati wa vijiji. Kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wa Tanzania waliokuwa wakikaa mbalimbali walihamishwa wakae pamoja katika vijiji, na Shinyanga nayo ikafuata amri hiyo. Kusudi lilikuwa kuwapatia shule, zahanati na maji karibu na makao yao, na wengi waliosoma katika shule hizo wako hai wanaweza kushuhudia faida yake. Lakini mtu aliyeondoka katika mji wa baba yake aliiacha nyuma ngitili ya baba yake. Ardhi ile iliyokuwa na mlinzi ikawa haina mlinzi. Aliyepita akakata, naye aliyemfuata akakata, kila mmoja akijiambia ya kuwa asipokata yeye atakata mwingine. Na kuzunguka vijiji vipya, ambamo nyumba nyingi zilihitaji nguzo na kuni kwa wakati mmoja, miti ilitoweka upesi zaidi.

Ilipofika miaka ya 1980 sehemu nyingi za Shinyanga zilikuwa uwazi mtupu. Upepo ulibeba vumbi, na mvua ilipokuja ilibeba udongo. Wanawake walikwenda mbali sana kutafuta kuni, na wengine walipikia mashina makavu ya pamba na mavi ya ng'ombe, yaani kitu kile ambacho kingelirutubisha shamba sasa kiliingia motoni. Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa kwanza wa nchi yetu, alipoizuru Shinyanga mwaka 1984 aliiita jangwa la Tanzania.

Mizizi iliyokuwa hai

Mwaka 1986 ilianzishwa kazi iliyoitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambayo watu wote waliifupisha wakaiita HASHI. Ilikuwa kazi ya Serikali, na baadaye ikapata msaada wa fedha kutoka Norwei na mashauri ya wataalamu wa ICRAF, taasisi ya kilimo-mseto yenye makao yake Nairobi. Mwanzoni kazi ilifuata njia iliyozoeleka siku zile. Serikali iliotesha miche katika vitalu vyake, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, kisha ikawahimiza watu waipande.

Walakini kupanda mti katika nchi kavu si jambo jepesi. Mche hutaka maji wakati ambapo hata watu hawana maji, na hutaka ulinzi wa mbuzi na ng'ombe. Ndipo wasimamizi wa kazi walipogeuka kuwauliza wenyeji, na wenyeji wakawaeleza habari za ngitili. Hapo ikaonekana ya kuwa dawa ilikuwa karibu kuliko ilivyodhaniwa. Chini ya ardhi ile iliyoonekana tupu mizizi mingi ilikuwa ingali hai. Kila mwaka ilichipua, na kila mwaka machipukizi yaliliwa na ng'ombe au kukatwa na jembe. Haikuhitaji kupandwa, ilihitaji kuachwa. Ardhi ikifungwa kwa miaka kadhaa, nyasi hurudi kwanza, kisha vichaka, kisha miti ya asili ya mahali hapo, ambayo yajua kuishi kwa mvua ya mahali hapo.

Lakini nani atakayeifunga? Hapa ndipo tofauti ya kazi hii na ile ya mwaka 1947. Maafisa walitoa mafundisho na mashauri, nao watu wenyewe waliamua ni ardhi gani ifungwe, kwa muda gani, na nani aingie. Wasukuma walikuwa na baraza lao la jadi liitwalo dagashida, ambalo hukutana kuamua mambo ya jamii na kumwonya au kumtoza faini mvunja desturi. Walikuwa pia na sungusungu, walinzi wa vijiji ambao mwanzoni mwa miaka ya 1980 walijikusanya kupambana na wezi wa ng'ombe. Mabaraza hayo na walinzi hao waliichukua kazi ya kulinda ngitili, wakisaidiana na serikali za vijiji zilizotunga sheria ndogo za hifadhi. Mtu aliyeingiza ng'ombe katika ngitili iliyofungwa hakupelekwa kwanza kwa mgeni asiyemjua. Aliitwa mbele ya jirani zake, watu wanaomjua yeye na baba yake, ambao kesho atawahitaji katika msiba au arusi. Hukumu ya namna hiyo ina uzito ambao karatasi ya faini haina.

Jambo la pili lilikuwa urithi. Watu walipoanza kurudi katika ardhi zao za zamani, na walipohakikishiwa ya kuwa miti itakayokua humo itakuwa yao, walikuwa na sababu ya kungoja. Sheria zilizofuata, yaani Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, zilikipa kijiji uwezo wa kushika na kutunza ardhi na msitu wake mbele ya sheria ya nchi. Nani asiyeona hapa amri ya Walawi? Ardhi ipumzike, na mtu arudi katika urithi wake. Mambo hayo mawili yaliamriwa pamoja, na katika Usukuma yalifaulu pamoja.

Matunda yake

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa yapata hekta 600 tu. Katika muda usiofika miaka ishirini zilikadiriwa kuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833 vya Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, ambao ulikuwa mkubwa kuliko wa sasa, kwa maana mikoa ya Simiyu na Geita ilikuwa haijaanzishwa. Hiyo ilianzishwa mwaka 2012. Katika vijiji 172 vilivyochunguzwa, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa 18,607. Kati yake 284 zilikuwa za jumuiya, kubwa kwa eneo, na nyingine zote zilikuwa za watu na jamaa zao. Mwaka 2002 kazi hii ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hesabu hizi ni kubwa, lakini mama wa nyumba anayo hesabu yake, nayo si ndogo. Wachunguzi walipouliza katika vijiji, waliambiwa kwamba kazi ya kutafuta kuni ilipungua kwa saa 2 hadi 6, na kazi ya kuteka maji kwa saa 1 hadi 2. Saa hizo zilirudi shambani, nyumbani, na kwa watoto. Nyasi za kuezekea zilipatikana karibu, na nguzo, asali, uyoga, matunda ya porini na miti ya dawa. Ndege na wanyama wadogo waliokuwa wamesahauliwa walionekana tena. Ilikadiriwa kwamba faida ya vitu vyote vilivyotoka humo ilikuwa yapata dola 14 za Marekani kwa kila mtu kwa kila mwezi, jambo ambalo kwa jamaa ya kijijini si dogo hata kidogo. Na katika vijiji vingine mapato ya ngitili za jumuiya yalisaidia kujenga vyumba vya shule na zahanati.

Ni haki pia kuyataja yasiyopendeza. Pori liliporudi, fisi nao walirudi, na wafugaji wengine walipoteza mbuzi na ndama. Hakuna kazi ya watu isiyo na gharama yake.

Deni lililobaki

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwalo nimeshika kalamu. Twapenda kusimulia habari za Shinyanga kana kwamba zimekwisha vema, kama hadithi. Hazikwisha. Kazi ya HASHI ilimalizika mwaka 2004, na tangu hapo ngitili haina ulinzi ila mapatano ya watu na sheria ndogo za vijiji. Watu wamezidi kuongezeka, urithi wagawanywa vipande vidogo, na mkaa una soko katika kila mji. Kijana aliyerithi ngitili ya babu yake aweza kuigeuza kuwa magunia ya mkaa kwa msimu mmoja, na fedha yake ikaisha kabla ya msimu wa pili. Kuijenga tena kwahitaji miaka mingi kuliko aliyoitumia kuimaliza.

Liko na jambo zito zaidi. Ngitili nyingi, kama tulivyoona, ni za watu na jamaa zao. Mwenye ardhi kubwa aweza kufunga sehemu na bado akabaki na mahali pa kulima. Mwenye kishamba kidogo hawezi. Mwenye ng'ombe wengi hupata faida kubwa ya nyasi zilizohifadhiwa. Asiye na ng'ombe hupata kidogo. Mjane asiye na ardhi, ambaye zamani aliokota kuni popote, sasa aona miti imerudi lakini imefungwa, na yampasa kuomba au kununua. Wachunguzi wa mambo hayo waliliona na kuliandika, kwamba walio na mali walifaidika zaidi. Basi nchi imepona, je, maskini naye amepona?

Maandiko yalikwisha kulijibu swali hilo kabla hatujaliuliza. Katika sura ya 23 ya kitabu cha Kutoka Mungu aeleza kwa nini ardhi iachwe mwaka wa saba: yale yaotayo yenyewe yawe chakula cha maskini, na watakayoyasaza yawe ya wanyama. Angalieni mpango huo. Maskini atajwa kwanza, na mnyama wa pili. Sisi tumeanza na ng'ombe, na wengine wetu tumeishia hapo. Kupumzisha ardhi kwa ajili ya mifugo yangu peke yake ni akili ya mfugaji mwema, nayo yafaa. Lakini haijawa sabato bado. Sabato ya ardhi hutimia siku ile mlango wake ufunguliwapo kwa yule asiye na ardhi.

Wala hili si shauri la ndotoni. Ngitili za jumuiya zimeonyesha njia. Kijiji kinapokuwa na ngitili yake, baraza laweza kuweka siku za kuokota kuni zilizokauka, siku za kukata nyasi za kuezekea, na mahali pa mizinga ya nyuki, na mjane akaingia kwa haki yake pasipo kuomba fadhili ya mtu. Kwa hiyo tulinde kwanza hizo za jumuiya zisigawanywe wala kuuzwa kimya kimya, kwa kuwa zikigawanywa, wa mwisho kupata ni yule aliyezihitaji kuliko wote.

Kwa maparokia na walimu

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha ya kuwa kilio cha nchi na kilio cha maskini ni vya kusikilizwa pamoja. Watu wa Usukuma wana sababu ya kulielewa fundisho hilo kuliko watu wengi, maana wameona kwa macho nchi na maskini wakiteseka pamoja.

Basi, enyi viongozi wa jumuiya na maparokia, kanisa na shule nyingi zina ardhi. Tuipime, tutenge sehemu yake, tuifunge kwa mapatano yaliyotangazwa mbele ya waumini, na tuandike tangu siku ya kwanza ni lini itafunguliwa, na ni nani watakaoingia kwanza. Majina ya wajane, ya wazee wasio na watoto na ya wale wasio na ardhi yatangulie. Katika mabaraza ya vijiji tusikae kimya mipaka ya ngitili ya wote inaposogezwa. Tena tusiwabeze wazee wa dagashida kana kwamba hekima ilikuja nchini pamoja na vitabu. Katika jambo hili wao walikuwa walimu, na wenye vitabu walikuwa wanafunzi.

Nanyi walimu, wapelekeni watoto wakaone ngitili kwa macho. Mwonyesheni mtoto kisiki kilichochipua, mwambieni ahesabu machipukizi, kisha mwambieni habari ya sotoka, ya mbung'o, ya amri za mwaka 1947, ya vijiji, na ya watu waliokutana wakakubaliana kujizuia. Mtoto akijua jinsi nchi ilivyopotea na jinsi ilivyorudi, haitakuwa rahisi kumdanganya kwa bei ya gunia la mkaa.

Pembe ya jubilei katika Israeli ilipigwa siku ya Upatanisho, wala haikupigwa siku nyingine, ili watu wajue ya kuwa hawawezi kufanya amani na Mungu huku wakiinyima ardhi pumziko lake na ndugu yao urithi wake. Nasi tuisherehekee Jubilei yetu kwa moyo huo. Na wajukuu wetu watakapofika Jubilei ijayo, waketi chini ya mti ambao hakuna mtu aliyeupanda, waambiwe ya kwamba upo hapo kwa sababu watu wa mahali hapo walikubaliana kuuacha, wakaheshimu mapatano yao, na hawakumsahau maskini.